Nilitoa Jibu la Zaka kwa Swali la Kodi

Kosa ni langu. Naliandika hilo mwanzo kabisa ili msomaji asianze kunionea huruma kabla hajalisikia lenyewe. Sikudanganywa na mtu, sikulazimishwa, wala sikuwa kijana. Nilikuwa mzee wa miaka sitini na minane, mwenye ndevu nyeupe na kitabu mkononi, na nilimharibia mjane riziki yake kwa mdomo wangu huu.

Jina langu mniwie radhi, sitalitaja. Mimi ni mtu wa Tanga. Nimeishi Johannesburg zaidi ya miaka thelathini, na Mwenyezi Mungu amenipa humu kuliko nilivyostahili: afya, mke mwema aliyenitangulia mbele ya haki, na watu wanaoniita Maalim. Riziki yangu ilikuwa kuuza kofia na marashi. Heshima yangu ilikuwa darsa ya kila Jumapili baada ya Alasiri, katika nyumba moja kuukuu ya Bellevue. Vyumba vya nyuma wanaishi wapangaji, na sebule tumeifanya madrasa.

Darsa ile ina desturi yake. Wanaume hukaa mbele, wanawake nyuma ya pazia. Anayeona haya kuuliza huandika swali kwenye kikaratasi na kukipitisha chini ya pazia. Mimi hukisoma kwa sauti bila kumtaja mwenyewe, kisha hujibu. Udhu, eda, mirathi, talaka, mikopo ya benki, vyote vilipita mikononi mwangu. Sikumbuki hata kikaratasi kimoja nilichokirudisha bila jibu. Hapo tu ningejishuku! Sikujishuku. Nilijiona nimejaaliwa.

Sasa huyo mjane. Nitamwita Bi Mwanahawa, ingawa si jina lake. Ni mwenzetu wa upande wa Pangani. Mumewe alikuwa mwenyeji wa hapa, akafariki akamwachia karatasi halali za ukazi na cherehani moja. Kwa cherehani hiyo alijikuza mpaka akapanga chumba cha duka Yeoville, akapata mashine mbili zaidi na wanawake wawili wa kushona naye. Walishona kanzu, mabuibui na mapazia, na walirekebisha suruali za watu warefu waliojinunulia fupi kwa haraka na kutaka miujiza. Ukipita pale utasikia vicheko kabla hujasikia mashine.

Shule moja ya upande wa Troyeville ilizipenda kazi zake. Walimwambia wangefurahi ashone sare zao, lakini shule hainunui kwa mtu, hununua kwa kampuni iliyosajiliwa. Basi akaenda kwenye duka la intaneti, akalipa, na baada ya siku chache akawa na kampuni. Alitia cheti kwenye fremu, akaja nacho kwangu na kisahani cha visheti, akaomba nimuombee dua. Nilimuombea kwa moyo wangu wote. Akilini nilikiona cheti kile kama cha ndoa: ukishaoa umeoa, hurudi kila mwaka kumwambia kadhi kwamba bado umeoa.

Shule ikamwambia asubiri, maana fundi waliyekuwa naye mkataba wake haujaisha. Kwa hiyo kampuni ikawa na jina bila kazi. Yeye akaendelea kuwashonea wapita njia kama zamani.

Mwaka ulipopita, Jumapili moja kikaratasi kikaja chini ya pazia. Mwandiko niliujua. Aliuliza hivi: kampuni yangu haijafanya kazi wala haijaingiza kitu, na nimesikia kila mwaka natakiwa kujaza fomu za serikali, je, kuna la kujaza wakati sina kitu?

Ningesema, swali hili silijui, nendeni kwa anayelijua. Maneno hayo hayafiki hata kumi. Badala yake nilitabasamu, nikaegemea mto, nikajibu kama nilivyozoea kujibu. Nikawakumbusha habari ya nisabu, kile kiwango ambacho mali isipokifika haina zaka. Nikasema ikiwa Mola mwenye kumiliki mbingu na ardhi hamdai asiye na kitu, serikali ya wanadamu itamdai nini? Nikamaliza kwa maneno niliyoyaona matamu mno: "Asiyechuma hana la kutamka."

Watu waliguna kwa kuridhika. Mzee mmoja wa Unguja aliyekaa karibu na mlango akasema hayo ndiyo majibu, si kama ya wale wa ofisini wanaokurudisha mara tatu. Tukacheka. Tukasoma dua, tukaondoka.

Kumbe nilikuwa nimetumia kipimo cha ibada kupimia jambo la ofisi. Nilijua zaka tangu nina miaka kumi na miwili. Sheria ya kampuni ya nchi hii sikuwahi kuisoma hata ukurasa mmoja. Lakini viwili hivyo vina neno moja, mali, na kwangu hilo lilitosha.

Hadi hapo lilikuwa kosa la kutojua, na kwa kosa la kutojua huenda nisingeandika. Ninaloliandikia lilifuata baada ya miezi mitatu.

Katika jengo la duka la Bi Mwanahawa, ghorofa ya juu, yuko bwana mmoja Mkongomani wa Lubumbashi, Mkristo, mtu wa makamo. Nitamwita Papa Kalala. Ana meza, printa, na viti viwili vya plastiki, na kazi yake ni kuwajazia watu fomu za kodi na za leseni. Nilipanda kwake siku moja kutoa nakala za dua. Tukazungumza huku mashine ikitema karatasi, nami kwa majivuno nikamsimulia jibu langu la nisabu, nikitaraji atalisifu.

Hakulisifu. Alizima printa kwanza ili nimsikie.

"Mzee, ile haiko vile," akasema. "Hata kama hauna kitu, unapashwa kujaza. Unaandika sifuri, unatuma. Kila mwaka. Na kule kwenye walisajili, kila mwaka unawaambia kampuni iko hai. Kampuni ikinyamaza, wanasema imekufa, wanaifuta. Na kodi nao wanaongeza faini kila mwezi."

Nikamuuliza hata kwa sifuri? Akacheka kwa upole, akasema hata sifuri yataka kuandikwa, na haijiandiki yenyewe. Akaniomba niwaambie watu wangu waje, na asiye na kitu atamjazia bure.

Bure, alisema! Nilimshukuru, nikashuka ngazi, na mguu haujafika chini nilikuwa najua nimekosea. Nikaazimia kusahihisha Jumapili ile ile.

Jumapili ikaja, na pamoja nayo akaja shekhe mgeni kutoka Durban, akaketishwa kando yangu. Nikaona si adabu kuanza na makosa mbele ya mgeni. Jumapili ya pili mzee wa Unguja akalirudia jibu langu mbele ya watu, akilipamba, nikaona vibaya kumkata. Ya tatu mvua ilinyesha, watu walikuwa wachache. Kisha Ramadhani ikaingia, nikasema mwezi huu ni wa Qur'ani. Sikukosa sababu hata Jumapili moja.

Na sababu zilipokwisha nikazua nyingine mbaya zaidi. Nikajiambia kwamba Papa Kalala anatafuta wateja. Mtu aliyesema atafanya bure! Nilimdhania vibaya jirani mwema ili mimi nibaki mzuri, na najua kitabuni imeandikwa nini juu ya dhana ya namna hiyo. Nimeifundisha mara ngapi!

Baadaye Bi Mwanahawa akanijia dukani kwangu na barua. Aliniamkia, nikaitikia, akakaa. Alisema kuna ujumbe umekuwa ukija kwenye simu yake na hakuuelewa vizuri, na sasa imekuja hii barua, imeandikwa Kiingereza kigumu. Alikuwa amesikia pale jengoni kwamba kampuni nyingine zinafutwa. Je, apande kwa Papa Kalala amsomee, au nimtazamie mimi?

Nilivaa miwani nikaisoma. Kiingereza changu si kibaya. Barua ilisema wazi kuwa taarifa za miaka miwili hazijaletwa, na kwamba wasipozipata katika muda fulani kampuni itaondolewa kwenye daftari. Ilitaja na muda wenyewe.

Ninyi mnaosoma, sikilizeni nilichomjibu. Nimejaribu mara nyingi kukikumbuka kwa namna nyingine, sikuweza. Nilimwambia, "Hii wanawatumia wote, mwanangu. Iweke tu. Huna kitu, watakuchukulia nini?"

Kwa nini? Kwa sababu angepanda kwa Papa Kalala angeambiwa kwamba Maalim alikwisha kuambiwa. Hivyo tu. Hakuna sababu kubwa zaidi ya hiyo. Niliogopa ngazi moja ya jengo la Yeoville kuliko nilivyomuogopa Mola wangu.

Aliikunja barua, akaitia mkobani. Akaniambia, "Alhamdulillahi, Maalim. Umenitoa wasiwasi." Akaninunulia chupa ya marashi ambayo nadhani hakuihitaji.

Miezi ikapita. Mkataba wa yule fundi wa shule ukaisha, na shule ikamwandikia Bi Mwanahawa kwamba kazi ni yake kwa miaka mitatu. Ile siku duka zima lilipiga vigelegele, hata mwuza vocha wa nje aliingia kuuliza nani anaolewa. Alitoa akiba yake akanunua vitambaa mapema, kijivu na damu ya mzee, majora kwa majora, kabla bei haijapanda. Kilichobaki ni karatasi moja: shule ilitaka uthibitisho kwamba kampuni yake haina tatizo na kodi, ndani ya siku kumi na nne.

Alinifuata mimi. Hata wakati huo alinifuata mimi! Nikasema tupande kwa Papa Kalala. Nilipanda nyuma yake, nikishika ukuta.

Papa Kalala alimkaribisha kiti, akaandika namba ya kampuni kwenye kompyuta, akangoja. Akaandika tena. Kisha akageuza kioo ili naye aone.

"Mama, hii kampuni haiko tena. Waliifuta."

Bi Mwanahawa akauliza tangu lini. Akatajiwa mwezi. Papa Kalala akaeleza kwamba inawezekana kuifufua: kujaza miaka yote iliyopita, kulipa faini za kodi ambazo zimekuwa zikiongezeka kila mwezi, kupeleka maombi na kungoja. Kungoja kwenyewe ni miezi, si siku kumi na nne. Halafu akauliza kwa nia njema kabisa, maana hakujua lolote:

"Lakini mbele ya kufuta wanatumaka barua. Haukuipata?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha Bi Mwanahawa, naliona pindo la mtandio wake tu. Ilitosha aseme, nilimpa Maalim akaisoma. Ilitosha hata ageuze shingo.

"Niliipata," akasema. "Nilipuuza mwenyewe."

Mjane alinisitiri mbele ya mtu, nami nikaikubali sitara yake kama mzigo ninaobebewa.

Shule haikungoja, na siwalaumu, watoto wanahitaji nguo mwezi wa kwanza. Kazi ilikwenda kwa fundi mwingine, na mkataba ni wa miaka mitatu. Vile vitambaa vya rangi ya shule hakuna aliyevitaka. Nani atashonewa kanzu ya damu ya mzee yenye mistari ya kijivu? Kodi ya chumba ikamshinda. Mwenye nyumba alimpa mwezi mmoja, kisha akamweka muuza simu. Wale wanawake wawili, mmoja amerudi kwao Kigoma, mwingine anapanga nyanya kwenye ndoo pembeni mwa barabara. Bi Mwanahawa mwenyewe anashona karakana ya mtu, kwa kipande. Mashine zake aliziuza. Aliyelianzisha lile duka siku hizi anaingia kazini kwa kengele.

Nilitoa akiba yangu nikampelekea. Papa Kalala alizijaza zile fomu zote bila kuchukua hata senti. Kampuni labda itafufuka siku moja, lakini itafufuka haina duka, haina mashine, haina shule.

Tumefundishwa kwamba madhambi ni ya namna mbili. Lililo baina yako na Mola wako, utalia, utaomba, na mlango wa rehema haujafungwa. Lakini haki ya mja lazima uirudishe kwa mwenyewe, au akusamehe. Kurudisha sikuweza. Nikaenda kuomba msamaha, maana hata hapo alidhani nilikosea kwa kutojua tu.

Nilimkuta anatoka karakanani mchana, saa ya chakula. Tukakaa kwenye ukuta mfupi. Nikamweleza yote: kwamba Papa Kalala aliniambia mapema, kwamba aliahidi kufanya bure, kwamba siku aliponiletea barua nilikuwa najua. Nilisema nikiangalia viatu vyangu.

Teksi mbili tatu zikapita zikipiga honi. Nilitamani anitukane. Mtu akikutukana amekupa kitu cha kushika.

"Maalim, nimekusamehe," akasema. "Mbele ya Mungu nimekusamehe, sitakudai siku ya hukumu. Lakini nikwambie kweli. Eda ya mume wangu ni wewe uliyenihesabia. Mirathi yake ni wewe uliyeigawa. Sasa nikilala nauliza, yale alikuwa anayajua, au na yale alisema tu?"

Nikamwambia yale nilikuwa nayajua, wallahi. Akaniitikia ndiyo, kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia mgonjwa. Kisha kengele ikalia akarudi ndani. Hajakanyaga darsa tangu siku hiyo.

Na mimi sina darsa tena ya kukanyagwa. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya watu nikasema nilikosea. Nikawaambia kila mwenye kampuni, iwe imeingiza kitu au haikuingiza, ajaze fomu zake na kuitolea taarifa kila mwaka. Nilidhani watashtuka. Mzee wa Unguja akakohoa, akasema, "Maalim, sisi lile jibu la kwanza ndilo tulilolizoea." Baadhi yao wakacheka. Watatu walinifuata baadaye, nao walikuwa na kampuni zilizonyamaza kwa ajili yangu. Mmoja yake ilikuwa imekwisha kufutwa. Nikamkabidhi sebule ile kijana wa Kimombasa aliyesoma, nikakaa nyuma.

Nikadhani limeishia hapo. Juzi nilikwenda kunyoa Yeoville, kwa kinyozi nisiyemjua. Mteja wa kiti cha pili alikuwa akilalamika kuhusu fomu za kampuni yake ndogo ya kusafisha mazulia. Kinyozi akamwambia atulie, akatoa simu, akabonyeza. Nikaisikia sauti yangu. Neno kwa neno, nisabu, mbingu na ardhi, mpaka yale maneno matamu ya mwisho na miguno ya watu. Kumbe siku ile kuna aliyerekodi, na sauti imekuwa ikizunguka kwenye makundi ya simu, huku Johannesburg, Pretoria, hata Durban.

Nikamwambia kinyozi: mwanangu, huyo ni mimi, na nilikosea, ifute. Akanitazama kwenye kioo, nimefungwa kitambaa shingoni, povu kichwani.

"Eish, mzee wangu," akasema, "wazee wote mna sauti moja. Halafu huyu wa kwenye simu anaongea kwa uhakika. Wewe unababaika."

Mteja akacheka, akamwomba amtumie. Akamtumia pale pale, mbele ya macho yangu.

Ndiyo maana naandika, ingawa sina tumaini kubwa kwamba karatasi itaikimbiza simu. Enyi mnaofungua kampuni katika mji huu, cheti cha ukutani ni mwanzo tu. Kila mwaka toa taarifa kwamba kampuni ipo, kila mwaka jaza fomu ya kodi, hata ukiwa huna shilingi ya kuandika. Barua ikija, mpelekee anayefanya kazi hiyo, usimpelekee anayekufurahisha. Nanyi wenzangu mnaoulizwa kila kitu kwa sababu ya ndevu zenu, ogopeni siku mtakayojibu vizuri jambo msilolijua.

Na ukiletewa sauti ya mzee wa Kitanga anayecheka kidogo kabla ya kujibu, akikwambia asiyechuma hana la kutamka, nakusihi usimsikilize. Anasema kwa uhakika, najua. Alikuwa hajui.